Punda Mlangoni kwa Rutaihwa

Jumapili, 22 Septemba

Misa ndefu. Padre ametangaza mambo mawili, na yote mawili yamenikaa moyoni. Kwanza: tarehe nne Oktoba ni sikukuu ya Mtakatifu Fransisko, kwa hiyo kila jumuiya ijifunze Maandiko yanasema nini kuhusu wanyama, na siku yenyewe watu walete mifugo ibarikiwe. Pili: Jumapili ya tarehe sita jumuiya zote zichague viongozi wapya.

Wapya! Nimelipenda hilo neno. Jumuiya yetu ya Mtakatifu Anna hapa Kagoma imekuwa mikononi mwa Rutaihwa miaka tisa. Miaka tisa ya sala za kufunga ambazo ukibandika maharage jikoni yanaiva kabla hajasema amina. Na mimi, Ildefons Byarugaba, karani mstaafu wa mizani wa chama cha msingi cha kahawa, nimekaa benchi la nyuma miaka yote hiyo. Uchaguzi uliopita watu walisema Rutaihwa ana sauti nzuri. Kuhusu mimi walisema maneno ya mizani yangu, ambayo sitayarudia hata humu.

Baada ya Misa huyo Rutaihwa amenifuata akitabasamu. Amesema kwa kuwa Kagoma nzima mwenye punda ni mimi peke yangu, basi Alhamisi niwafundishe wanajumuiya habari za punda katika Maandiko. Watu wakacheka. Klaudia, mweka hazina wetu, ndiye aliyecheka kuliko wote. Nimekubali kufundisha. Waliocheka nimewakariri.

Jumatatu, 23 Septemba

Kusema kweli punda si wangu. Ni wa Edvina, mke wangu. Mwaka jana Edvina alipasuliwa mgongo huko Bukoba, na daktari akamkataza kubeba chochote kinachozidi birika la chai. Kisima kiko bondeni. Njia ya kupandisha maji ni mawe matupu na inapita mbele ya geti la Rutaihwa. Mimi nina goti. Na hata nisingekuwa na goti, karani wa mizani ataonekanaje na dumu kichwani?

Binti yetu Kemilembe, muuguzi, anayekaa Kibeta pale Bukoba, ndiye aliyemaliza shauri hilo. Alinunua punda Biharamulo akamleta kwa lori la mahindi. Akatoa na masharti: madumu mawili kwa safari moja, basi. Mtoto niliyemzaa mimi ananifundisha uzito!

Edvina alimwita Mugisha, yaani baraka. Huongea naye njia nzima. Mimi huambiwa chumvi imekwisha.

Sisi Wahaya ni watu wa ng'ombe na migomba. Wiki mbili za mwanzo walikuja kumtazama mpaka watu wa vijiji vya jirani. Mzee mmoja aliuliza pembe zitaota lini. Nilimjibu kwamba bado mdogo.

Leo nimesoma Biblia tangu saa nne. Punda wamejaa humo! Ibrahimu alikuwa naye. Samsoni alichukua taya la punda akafanya nalo kazi nzuri. Punda wa Balaamu alimwona malaika na bwana wake hakumwona, akapigwa mara tatu kabla ya kufungua kinywa. Nimeandika pembeni: kipimo ni tatu, dhambi inaanzia ya nne. Mithali inasema mwenye haki huujali uhai wa mnyama wake. Nikachungulia dirishani. Mugisha yuko hai. Nikaendelea.

Ndipo nikafika Kutoka, sura ya ishirini na tatu. Nimeisoma mara tano nimesimama. Kwamba ukimkuta punda wa mtu anayekuchukia ameanguka chini ya mzigo wake, usipite. Hata moyo ukikataa, ni lazima umsaidie kumtua.

Sasa, Rutaihwa ni mtu wa kupita. Ana mikutano, ana simu, ana haraka. Punda wangu akilala chini ya mzigo mbele ya geti lake, mbele ya mashahidi, atamruka kama dimbwi. Na akimruka wiki hii ya Mtakatifu Fransisko, nani atampa kura? Masharti ya andiko yametimia yote. Punda yupo. Mzigo upo. Chuki ninayo ya kutosha, hata ya kuazima watu.

Jumatano, 25 Septemba

Mazoezi. Edvina alikwenda kliniki, nikampeleka Mugisha kisimani mwenyewe. Madumu manne. Kilo themanini kwa jicho, na jicho hili lilifanya kazi miaka thelathini.

Tulipofika kwenye geti nikamwamuru alale. Akanitazama. Nikampiga tatu, zile za Balaamu. Akapandisha kilima chote na madumu yake manne, taratibu, hata tone halikumwagika. Amefika nyumbani, nimemtua, hapo ndipo akalala chini ya mgomba! Mnyama huyu hajui wakati.

Edvina aliporudi hakufurahi. Amesema mnyama amechoka. Nikamweleza kwa upole kwamba mnyama akilala ujue ameshiba, anacheua. Ng'ombe wa marehemu baba walilala hivyo kila adhuhuri, na walikuwa ng'ombe wa heshima. Edvina akasema amemtazama nusu saa na taya halijatikisika hata kidogo. Nikamwambia punda hucheua kwa ndani. Alipoingia jikoni nikachukua kigoda nikakaa nimtazame mwenyewe. Ni kweli, taya limetulia. Mnyama wa siri sana.

Ana kidonda mgongoni, pale kamba inaposugua. Edvina amekipaka samli. Samli ya kula!

Alhamisi, 26 Septemba

Siku yangu. Jumuiya imekutana kwa mama Agnetha, watu ishirini na nane bila watoto. Nimefundisha dakika arobaini na tano. Nimesema mnyama hana mdomo wa kulalamika, kwa hiyo Mungu amemfanya binadamu kuwa mdomo wake. Nimesema punda wa Betlehemu alitoa pumzi yake kumpasha joto mtoto Yesu. Mama Agnetha amefuta machozi. Hata mimi nilikaribia. Nilikuwa sijui kama ninayo maneno mazuri namna hiyo.

Kisha Klaudia akanyoosha mkono. Ameuliza kwa nini punda wa mwalimu ana kidonda mgongoni. Nikamjibu papo hapo kwamba kila punda ana alama ya msalaba mgongoni, ni heshima aliyopewa kwa kumbeba Bwana. Akasema alama anaijua, ila ile ya Mugisha ina nzi.

Rutaihwa amefunga kwa sala. Ameombea wanyama wa kufugwa, wa porini, wa majini, na wale ambao sayansi bado haijawaona. Watu walipotoka walikuwa wanaisifu sala! Mafundisho yangu hayakutajwa na mtu.

Jumamosi, 28 Septemba

Jaribio la kwanza. Madumu manne na nusu gunia la kahawa kavu juu. Nimemwambia Edvina kwamba kahawa naipeleka kwa jirani kuipima. Rutaihwa hutoka geti lile la kijani saa mbili kamili, nami saa mbili kasoro nilikuwa hapo.

Mugisha hakulala. Nimembonyeza mgongoni, hakulala. Nimemsomea andiko. Amesimama miguu ikimtetemeka, masikio nyuma, mpaka saa tatu. Ndipo mke wa Rutaihwa akatoka kufagia, akaniambia mzee alikwenda Muleba tangu jana.

Njia ya kurudi Mugisha amesimama mara nne. Mimi pia goti limeniuma. Hakuna aliyeniuliza.

Jumatatu, 30 Septemba

Leo amelala! Mbele ya geti kabisa, chini ya mzigo, kama ilivyoandikwa! Sikumgusa. Alikunja miguu ya mbele, kisha ya nyuma, akaweka kidevu chini kwenye vumbi. Nikasema moyoni, hatimaye ameelewa somo.

Mashahidi walikuwapo: Klaudia alikuwa anatoka shambani, na Joackim wa bodaboda alikuwa anafuta pikipiki yake. Geti likafunguliwa. Rutaihwa akatoka. Nikageuza uso pembeni ili apate nafasi ya kupita.

Hakupita! Amevua koti akalitundika kwenye geti. Amefungua kamba, akashusha dumu moja moja kwa mikono yake, akalalamika kwamba huu ni mzigo wa lori. Ameleta maji kwenye beseni na maganda ya ndizi. Mugisha amekunywa beseni lote, na la pili. Klaudia akawa anasema Yesu wangu, Yesu wangu.

Baya zaidi limefuata. Rutaihwa aliingia ndani akatoka na kikapu kidogo cha kahawa ya kutafuna, akanipa mbele ya watu. Mimi nikatae kahawa ya Mhaya mwenzangu mlangoni kwake? Watu wangenizungumza mpaka kaburini. Nikachukua punje mbili.

Lakini akili haikulala. Ukishatafuna kahawa ya mtu ninyi ni ndugu. Na ndugu si adui. Na bila adui, andiko halifanyi kazi! Kwa hiyo nimeziweka shavuni, nimeshukuru kwa mdomo uliofungwa, na nilipopita kona nikazitema kwenye majani. Uadui umesalimika.

Edvina amesema kuanzia kesho kisimani anakwenda yeye na Mugisha wake, madumu mawili, na mimi nisiiguse kamba. Amesema Mugisha ndiye mgongo wake. Amesema akimpoteza huyu, hana mgongo mwingine. Alisema bila kupaza sauti. Nimemjibu kwamba nimesikia.

Jumanne, 1 Oktoba

Habari njema kupita zote! Joackim ameniambia kesho anampeleka Rutaihwa stendi, awahi basi la saa moja. Kuna semina ya viongozi wa jumuiya huko Bukoba, na atakayechelewa hapati cheti.

Rutaihwa na cheti! Ukutani kwake ameshatundika saba.

Hapo ndipo nitampata. Akimsaidia punda, basi linamwacha. Akipanda basi, amemruka punda wa adui yake mchana kweupe. Nimemwambia Klaudia apite pale saa kumi na mbili na nusu, nina mkungu wa ndizi wa kumpa. Nimemwahidi Joackim jogoo kwa kunipa habari hii.

Kahawa haina uzito wa kutosha. Nyuma ya choo kuna mchanga uliobaki wa ujenzi. Nimeujaza gunia. Edvina husali rozari mpaka saa moja, hatajua. Ni mara moja tu hii. Baada ya hapo punda ni wake kabisa.

Jumatano, 2 Oktoba

Naandika ili mambo yakae kwa mpangilio.

Usiku mvua ilinyesha. Mchanga ulilowa, nikauona mzito zaidi, nikafurahi. Madumu manne na gunia la mchanga. Mugisha hakutaka kuondoka kisimani. Nimempiga tatu. Kisha tatu nyingine, maana alipogoma tena nilihesabu kwamba kipimo kinaanza upya.

Kwenye yale mawe ya kabla ya geti miguu ya nyuma iliteleza. Hakulala. Alianguka. Gunia lilimvuta upande, mguu ukabaki kati ya mawe mawili, nikasikia sauti. Miaka thelathini nimesikia magunia yakidondoka na sikuwahi kusikia sauti ile. Kisha akalia, na punda akilia hivyo kilima kizima kinasikia. Nikajikuta nimekaa juu ya jiwe. Nadhani ni kwa sababu sikunywa chai.

Rutaihwa alitoka na koti lake na mkoba. ALIANGALIA SAA. Nimeiandika kwa herufi kubwa kwa sababu hakuna mwingine aliyeona. Aliangalia saa, akamwangalia Joackim juu ya pikipiki, akaangalia saa tena. Kisha akaweka mkoba kwenye matope. Akapiga magoti, akakata kamba kwa kisu, akamwinua Mugisha kichwa akakilaza mapajani, kwenye suruali ya semina. Basi likapiga honi huko barabarani likaenda zake.

Nikasema, ili kutuliza watu, kwamba tumwache kidogo acheue. Rutaihwa akanigeukia. Ameniita kwa Kihaya neno ambalo sijalisikia tangu nikiwa shule ya msingi. Mwenyekiti wa jumuiya! Nilimtazama Klaudia ili awe shahidi wa matusi. Klaudia alikuwa analia.

Edvina akaja peku na rozari mkononi. Alipoona, alikimbia, yeye asiyeruhusiwa hata kuinama. Amefungua kitenge chake akamfunika. Amemwita jina. Mugisha, Mugisha wange, yaani wangu. Nimeishi naye miaka thelathini na nne na sijawahi kuitwa hivyo.

Joackim alimleta bwana mifugo, Rwegasira. Ametazama mguu, akatikisa kichwa. Hautibiki. Akatazama mgongo. Akauliza nani alikuwa anapakia. Nikamweleza kwamba kwa ujumla mnyama alikuwa na afya, analala na kucheua kila mchana. Rwegasira akasema punda hacheui. Hajaumbwa hivyo. Punda wa kazi akilala mchana kila siku, ameishiwa nguvu.

Nilikuwa sijui! Nani aliwahi kunifundisha? Edvina hakunitazama. Ameomba amshike kichwa wakati wa sindano ya mwisho, akamshika. Alikuwa anamsimulia jambo sikioni. Sikusikia ni nini.

Nyama ya punda hailiwi hapa kwetu. Rutaihwa amechukua jembe akachimba shimo upande wa shamba lake, chini ya mibuni, kwa sababu udongo wake ni laini. Watu kama hamsini walisimama kama msibani. Nimewahesabu: thelathini na mmoja kati yao ni wapiga kura.

Alhamisi, 3 Oktoba

Kemilembe amepiga simu kutoka Bukoba. Hakunisalimia. Ameuliza swali moja tu: Tata, ulimpakia madumu mangapi? Nikamjibu mawili. Edvina alikuwa anachambua mchele pembeni. Amenyoosha mkono, nikampa simu. Amesema manne na gunia la mchanga. Kisha akanirudishia. Kemilembe alikuwa ameshakata.

Chakula leo hakina chumvi. Sikuambiwa kama imekwisha.

Ijumaa, 4 Oktoba

Mtakatifu Fransisko. Viwanja vya kanisa vimejaa ng'ombe, mbuzi, mbwa, na paka mmoja kwenye kapu. Mimi nilikwenda na jogoo, yuleyule wa Joackim, nikaona abarikiwe kabla hajamwendea. Wengine wananitazama halafu wanatazama pembeni.

Padre amehubiri vizuri, sitamnyima haki yake. Amesema kuna watu hudhani Mungu aliwapa wanyama ili wapate wa kumpiga bila kujibiwa. Amesema kazi ya mnyama ni kodi, na sisi tunalipa kwa huruma, na asiyelipa ni mwizi. Watu wamegeuka. Nami nikageuka, nikatazama nyuma yangu, ili ionekane kwamba anasemwa mtu wa nyuma. Nyuma yangu kulikuwa na ukuta.

Kisha akamtaja Rutaihwa. Kwa jina! Kwamba ameacha semina kwa ajili ya punda wa jirani. Makofi kanisani. Mimi niliyemtafutia nafasi hiyo sikutajwa. Bila punda wangu angekuwa na cheti cha nane tu na hakuna zaidi.

Edvina hakuja. Amekwenda kisimani na dumu la lita kumi. Nilimwambia asubuhi kwamba tukikinga maji ya mvua tutapata. Jua limewaka siku nzima.

Jumapili, 6 Oktoba

Uchaguzi. Rutaihwa, kura thelathini na sita. Byarugaba, mbili. Moja ni yangu. Ya pili niliichukulia kuwa ya Edvina, nikaenda nyumbani nimshukuru. Amesema hakufika huko kabisa, alikuwa amelala kifudifudi kwa maumivu. Basi ni ya Joackim. Jogoo amefanya kazi yake.

Rutaihwa amenishika mkono mbele ya wote, akasema tusahau yaliyopita. Mkono wake una malengelenge ya jembe. Nimeona jinsi alivyougeuza ili watu wayaone. Kampeni mpaka mwisho!

Nimekaa nje jioni, nikatazama pale chini ya mgomba ambapo alikuwa analala. Majani bado yamebonyea. Nikajisikia vibaya, nakiri. Nimefikiri sana kosa lilikuwa wapi. Nadhani lilikuwa mvua.

Jumanne, 8 Oktoba

Sasa Edvina anabeba dumu la lita ishirini, maana safari za lita kumi zinamchosha kwa wingi. Anashika kiuno kwa mkono mmoja. Kemilembe amesema atakuja mwisho wa mwezi amchukue mama yake Kibeta, na hakusema kama nami nimealikwa. Jana nilimwomba Edvina anipe pole ya goti. Alichukua dumu akaondoka.

Lakini leo nimeona jambo. Nilikuwa nimesimama juu kwenye kona nasubiri maji. Edvina amefika mbele ya geti la kijani, ameshindwa, amesimama na dumu kichwani, anatafuta wa kumtua. Rutaihwa akatoka juu ya pikipiki ya Joackim, simu sikioni. Amempungia mkono. Amepita!

AMEPITA! Saa kumi na mbili na dakika arobaini. Nimeiandika hapo hapo kwenye kiganja, nimeihamishia humu. Kama sheria inamlinda punda wa adui, je, mke wa adui? Tena aliyepasuliwa! Nimerudia Kutoka yote sijaona hilo limeandikwa, lakini Padre mwenye busara atalielewa. Uchaguzi unaweza kurudiwa. Tatizo ni kwamba leo, ukimtoa Joackim aliyepita naye, nilikuwa shahidi peke yangu, na neno langu kwa sasa halina uzito.

Klaudia hupita pale saa kumi na mbili na nusu kwenda shambani. Edvina akitoka kisimani dakika kumi mapema zaidi, na akiwa na kitu kinachoonekana kizito kwa mbali, kila kitu kitakaa mahali pake. Nimemwambia kesho awahi. Yeye anajifunga kitambaa kiunoni.

Ndoo kubwa ya lita thelathini nimeisuuza mwenyewe, asije akasema simsaidii.